Mwanga wa Chumba Kilichozibwa

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, nilipokemewa bila kupaziwa sauti, na mpaka leo nashukuru. Nimeikumbuka kwa sababu umenionyesha kwenye kompyuta lenzi unazobuni, ndogo kuliko punje ya ulezi, ukinung'unika kwamba kwenye skrini zinaona vizuri, mkononi zinakataa.

Nilikuwa msichana, hapa hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Waporaji walikuwa wamebeba hadubini ya kituo cha afya, na bila hadubini muuguzi hakujua homa ipi ni malaria na ipi siyo. Dawa ilikuwa haba, haitolewi kwa kubahatisha. Mwalimu Wilondja, aliyetufundisha fizikia, alikuwa na kompyuta kuukuu ya umeme wa jua, mwenyewe akiiita mashini. Humo nikachora jinsi mwanga unavyopita ndani ya tone la kioo liwezalo kushika nafasi ya hadubini. Kompyuta ikaniambia: tone likiwa dogo, linakuza zaidi. Basi nikayeyusha kioo motoni, nikapata tone dogo kabisa. Ee, nilivyojiona!

Asubuhi hiyo mama mmoja wa kijiji cha Swima alimleta kituoni binti yake mdogo, anaungua kwa homa. Muuguzi akachukua damu, akaipaka rangi, nikachungulia. Giza tupu. Nikafuta tone, nikachungulia tena. Giza. Mama yule alinitazama mimi, si muuguzi. Nikang'ang'ania kuwa hesabu zangu ni sahihi, huku machozi yananilenga.

Mwalimu, aliyekuwa pale na kompyuta yake, akanivuta kando, mama yule asisikie, akaniita kwa heshima kama wasichana tuitwavyo huku.

"Mama, mu mashini uliweka jua ya saa ngapi?"

"Ya saa sita, Mwalimu."

"Na humu ndani, iko saa sita?"

Nikainua macho. Madirisha yote tulikuwa tumeyaziba kwa mifuko ya mchanga. Kutoka nje hakukuwezekana. Risasi zilikuwa zimeanza tena kulia upande wa ziwa.

"Rudia hesabu. Ambia mashini ukweli ya hii chumba."

Nikaiambia. Tone kubwa kidogo kuliko lile lingekuza pungufu, lakini lingeleta mwanga zaidi. Nikayeyusha jingine, na safari hii vijidudu vya malaria nikaviona. Mtoto akapewa dawa. Sikukuzaa mimi, mwanangu; mtoto huyo ndiye mama yako.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kabla hujabuni lenzi, ingia kwenye chumba itakamotumika, uone mwanga wake, vumbi lake, na mkono unaotetemeka utakaoishika. Usibishane na dunia eti kwa sababu kompyuta imekubali. Na ukija kumkemea mwenzako, mvute kando kama nilivyovutwa mimi.

Mungu akuangazie hata palipozibwa madirisha, na asikunyime mtu wa kukuuliza ni saa ngapi humu ndani.