Chumvi Ndani ya Debe la Mchele

Saa mbili asubuhi, Klara anatumbukiza mikono kwenye glavu nene zilizobanwa ubavuni mwa sanduku la kioo. Ndani, kwenye hewa kavu, anaiviringishia fuwele utepe mweupe, polepole, kama anayemfunga mtoto kitovu.

Fuwele nane, angavu kama barafu, zimekwishapangwa. Nafasi ya tisa imezibwa kwa kipande cha mbao ya mninga.

"Chembe isiyoonekana ikiingia humu, fuwele inatoa mwanga," anaeleza fundi huyu wa maabara, mwenye miaka ishirini na minane. "Tunapima ule mwanga tujue chembe ilikuwa na nguvu kiasi gani. Fuwele moja ikikosekana, nguvu inavujia hapo."

Ya tisa ilifia Kariakoo, mikononi mwa mama yake.

Ilikuwa Aprili 1983, msako wa walanguzi umepamba moto. Ijumaa jioni Klara alitoa bandarini kopo lenye fuwele hiyo, baada ya kulisubiri miezi kumi na minne. Maabara ilikwishafungwa. Fuwele hizo ni aina ya chumvi, na unyevu wa Dar huziua. Basi akalifukia kopo kwenye debe la mchele alioleta mjomba kutoka Ifakara, kama watu watiavyo punje za mchele kwenye chumvi isigande.

Mama yake, Bi Hyasinta, akauliza ni nini.

"Sumu ya panya, mama. Usiguse."

Sumu, ndani ya mchele wa kula? Moyo wa Hyasinta ulikataa. Kesho yake bombani, jirani yake Siti akamkata jicho.

"Mama Klara, mwanao siku hizi anatembea na makopo ya bandarini. Almasi hizo, shoga! Na sisi tunapanga foleni ya sembe, nyie mna debe zima la mchele."

"Koma, Siti!"

"Nikome mie? Kawaambie mgambo wakome."

Hyasinta alirudi mbio, akalichokonoa kopo kwa kisu. Kitu kikametameta. Kilikuwa na unga mweupe juu. Akakiosha kwenye bakuli apate kukiona vizuri. Kikateleza kama sabuni, kikafifia, kikapungua. Akalamba kidole: chumvi.

"Almasi gani inayeyuka?" anasema. "Nikajua nimeharibu."

Jioni balozi wa nyumba kumi, Mzee Shomari, ambaye maneno ya Siti yalikwishamfikia, alikuja akazamisha mkono ndani ya debe hadi kwenye kiwiko. Akakuta mchele mtupu.

"Tutarudi," akasema.

Mpaka leo, hodi ikipigwa, Hyasinta hushtuka. Klara naye alipewa onyo la maandishi kazini.

Wenye watoto, na watoto wenyewe, wasikie: kitu ambacho mwenyewe hakukitaja jina, mtaa utakipa lake, na hilo la mtaa ndilo linalofika kwa mgambo.

"Ungeniambia ni chumvi ya kazini," Hyasinta anamwambia bintiye nyumbani, "ningeilinda kwa meno."

"Ungeniamini, mama?"



Barua ya kuagiza fuwele nyingine imekwenda. Fuwele ikifika, Klara anataka mama aje maabara aone sindano ya kipimo inavyoruka, kabla Siti hajapata la kusema.

"Nitakuja," mama anaitikia. "Ila mikono yangu mnifungie kwenye kanga."