Bango la Kumtaka Mkuu wa Kitivo Aondoke

Baba alikuwa mwalimu wa sarufi kabla hajawa mkuu wa kitivo, na ugonjwa huo haukumtoka. Ungemwambia nyumba inaungua, angekurekebisha sentensi kwanza, maji baadaye. Mama alizoea kusema kwamba ameolewa na kalamu nyekundu.

Mwaka ule wa migomo mabweni yalikauka maji, na wanafunzi walipochoka kuahidiwa walijaa chini ya dirisha la ofisi yake. Askari walikuwa wameshafika getini, wanasubiri jiwe la kwanza. Baba akateremka ngazi peke yake, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Mbele kabisa alisimama msichana mrefu ambaye Baba mwenyewe alikuwa akimfundisha, ameinua bango: MKUU WA KITIVO AJIUZURU.

Baba alishusha miwani akalisoma.

"Binti, nani ameandika hili?"

"Mimi, Mwalimu."

"Mwaka wa tatu, na bado unaandika hivi? Kuzuru ni kutembelea. Sasa mnataka nijitembelee mwenyewe? Kujiuzulu ni kwa L."

Akachomoa kalamu, akasahihisha bango palepale, akamrudishia. Hakuwa akifanya mzaha, ndivyo alivyo. Kicheko kikaanzia mbele kikasambaa mpaka nyuma, na mtu anayecheka harushi mawe. Baba akaketi nao ngazini, akasikiliza habari za mabomba mpaka askari wakachoka wakaenda zao.

Wakubwa hawakucheka. Mkuu wa chuo alimwita, akamtaka atie saini barua ya kumfukuza yule binti. Akikataa, cheo hana, na nyumba ya chuo tuliyokuwa tukikaa airudishe.

Alituambia tukiwa mezani. Nilikuwa msichana wa sekondari bado, na nyumba ile ndiyo iliyonipa chumba changu mwenyewe. Nilikasirika.

"Baba, si utie saini tu? Mwenye nguvu mpishe. Kwani yule ni ndugu yetu?"

"Mwache baba yako ale," Mama akasema, ingawa yeye mwenyewe sahani hakuigusa.

Baba akaweka kijiko chini.

"Nimemsahihishia sentensi yake mbele ya watu wote," akasema. "Nilirekebisha herufi moja, nyingine zote nikaziacha. Maana yake nimeikubali. Leo nigeuke niseme alikosea kuiandika?"

Hakutia saini. Tukahamia vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, vumbi la mbao likiingia mpaka kwenye chai. Mkuu mpya wa kitivo alipokalia kiti tu, barua akaitia saini, na binti akafukuzwa vilevile. Niliposikia hivyo nilimwona baba yangu mjinga, tena mjinga wa kutusumbua sote.

Jioni moja mlango ukabishwa. Alikuwa yule binti, na begi lake. Kwao baba yake alikuwa amemfungia mlango kwa aibu ya kufukuzwa, na hakujua pengine pa kwenda. Alisimama kizingitini, macho chini.

Mama, aliyepoteza jiko lake na bustani yake kwa ajili ya msichana huyu, alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akampokea begi.

"Ingia, mwanangu. Utalala na mdogo wako."

Kitanda changu kilikuwa chembamba. Hasira yote niliyohama nayo ikanigeukia aibu, nikasogea ukutani.