Maisha ya Mama Mirriam Wakiuru, Aliyekaa na Waliofungiwa

Tarehe 9 Julai 1929, asubuhi ya ukungu mzito na manyunyu, Mirriam Wakiuru alizaliwa huko Githunguri. Kaka yake Thuo alikuwa mzito wa kuelewa mambo, na kila familia ilipokwenda shambani alifungiwa ndani. Mirriam alikua akimsikia akigonga mlango. Aliolewa na Bedan, fundi wa reli, wakaishi mtaa wa Kaloleni bila kujaliwa watoto, hadi Bedan alipofariki mwaka 1971.

Wito wake ulimjia mwaka 1974. Alimpelekea uji mjane mgonjwa, akamkuta mwanawe Kiilu, mtu mzima mwenye ndevu, amefungwa kamba kitandani. Mjane yule hakuwa mkatili. Aliogopa mwanawe angegongwa na magari barabarani. Mirriam alifunga na kuomba, kisha akapanga nyumba mtaa wa Mbotela na kuhamia humo pamoja na Kiilu. Baadaye wakaja Lydiah na wengine wawili wenye ulemavu wa akili. Hakuwalea kama watoto. Kila mmoja alikuwa na kitanda chake, ufunguo wake na zamu yake ya kupika.

Mtaani waliiita nyumba ya wendawazimu. Wazee wa kanisa walikuja kuwaombea wapone. Mirriam aliwapa chai, akawaeleza kwamba hawa hawaumwi, wanachohitaji ni mahali pa kuishi. Mzee mmoja alimwekea Kiilu mikono kichwani, akimsihi Mungu amfungue akili. Alipomaliza, Kiilu alimuuliza kwa upole, "Na wewe, mzee, nani anakuombea?"

Jaribu kubwa lilikuja Julai 1979, wakati wa baridi kali. Desturi ya mtaa ni kuwasha jiko la makaa nje, na moshi ukiisha, kuliingiza ndani. Lydiah aliliingiza chumbani, akafunga dirisha ili joto lisitoke. Batulo, jirani muuza nguo, alikuja kurudisha sufuria, akabisha bila kujibiwa. Aliposukuma mlango alimkuta Lydiah sakafuni amezimia, akamburuta hadi barazani. Mirriam, aliyekuwa ametoka, alirudi akapiga magoti kando yake akiomba, mpaka Lydiah akakohoa na kufungua macho. Wengi huuita muujiza. Mirriam mwenyewe alisema Mungu alimtuma jirani mwenye sufuria.

Kesho yake Patrobas, mwenyekiti wa wapangaji, aliitisha mkutano. Watu walikuwa na hasira: nyumba zimeshikana, leo ni hewa ya makaa, kesho ni moto. Patrobas akatoa sharti kwamba wanne wale wafungiwe kwa nje Mirriam akitoka, la sivyo wahame. Mirriam alisimama akasema:

"Mwenyekiti, mwaka jana jiko lililala chumbani kwako, tukakutoa wewe na mama watoto mmezimia. Nani alikufungia kwa nje?"

Wengine walicheka. Patrobas aliahirisha sharti lake, lakini hakulifuta. Mirriam alimfundisha Lydiah kuacha dirisha wazi, akapita na nyumba za jirani akifundisha vivyo hivyo. Miaka iliyofuata aliishi akijua kosa moja tu lingewaondoa.

Moyo wake ulichoka, akalala katika Bwana mwezi Machi 1986. Anayetaka kumwiga asitafute mbali. Aulize tu ni nani amefungiwa katika ploti anamoishi.

Siku ya maziko huko Lang'ata, ndugu wa wale wanne walikuwa tayari kuwatawanya, kila mmoja arudi alikotoka. Patrobas aliuliza, mbele ya mchungaji, nani atawaangalia sasa. Batulo alijibu kwamba mlango wake ni wa pili, na masikio yake ni mazima. Mjomba wa Lydiah alimshika mkono waondoke. Lydiah aliutoa mkono wake, akasimama penye kaburi na kuwageukia wote.

"Mjomba, siendi. Kiilu haendi. Tutakaa kwetu, tupike, tuoshe vyombo. Na kitanda cha Mama tutampa mtu aliyefungiwa. Naahidi. Mwenyekiti, umenisikia. Pasta, umenisikia."