Siku Tatu Ndani ya Maji ya Chumvi

Jumatatu ile Mulama, mbeba mawe, alipoingia kwenye lango la mabati la Ayuma, hakugeuza shingo kumwangalia aliyemsalimu. Aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno kwa pamoja, kama mtu anayepitisha ubao mrefu kwenye mlango mwembamba.

"Mama Celine, nimekuja unirudishie shingo," alisema. "Tangu jana imekataa."

Ayuma alicheka. Kwa miezi mingi baadaye angekumbuka kwamba alicheka.

Lakini watu walikuwa wakija kwake hivyo kila siku. Pale Njiru, pembezoni mwa jiji, nyumba zinaota kila upande, na kila ghorofa inayopanda imepandishwa na mgongo wa mtu. Walikuja wabeba mawe na wachanganya zege, walikuja akina mama wanaofulia watu nguo tangu asubuhi mpaka viuno vinagoma kunyooka. Kwenye chumba chake cha mabati kulikuwa na mapipa matatu ya plastiki ya buluu yaliyopasuliwa kwa urefu, kila moja nyuma ya pazia lake, na nje moto wa vipande vya mbao chini ya sufuria kubwa. Maji yalitoka kwenye kisima cha ploti. Ayuma aliyachemsha, akayapoza mpaka kiwiko chake kiyavumilie, akakoroga humo chumvi ya Epsom, ile ambayo wazee wa kwao walikuwa wakiinywa kusafisha tumbo. Mtu alilala humo dakika ishirini, akatoka amelegea kama ugali uliozidi maji.

Hakujiita daktari, na aliyemwita hivyo alimkanya. Maumivu ya misuli aliyajua kutoka ndani. Miaka kumi na sita alifanya kibarua katika kiwanda cha blanketi kule Industrial Area, akitoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kazi yake ilikuwa kuinua marobota ya blanketi mbichi na kuzitundika. Mabega yakaanza kuwaka, kisha yakaganda, mpaka asubuhi moja akashindwa kuinua mkono afunge kitambaa kichwani, binti yake Celine akamfungia kabla ya kwenda shule. Mtaalamu wa viungo katika zahanati ya kanisa ndiye aliyemwambia habari ya maji moto na chumvi ile. Alijaribu kwenye beseni la kufulia, amechuchumaa, akijimwagia bega moja baada ya lingine. Usiku ule alilala mpaka kukapambazuka, jambo ambalo alikuwa ameshalisahau. Kiwanda kilipopunguza watu, naye akiwa miongoni mwao, alimfuata Celine, aliyekuwa ameshahamia Njiru, akaanza kuwafanyia wengine alichojifanyia mwenyewe.

Alikuwa na maswali yake ambayo hakuyaruka hata kwa mtu aliyemzoea.

"Presha unayo?"

"Sina."

"Sukari?"

"Sina, Mama Celine. Kwani naolewa?"

"Una kidonda mahali popote?"

Mulama alijitazama mikono, akajigusa magoti. "Sina kidonda," alisema, na hakuwa anadanganya. Aliamini alichokisema.

Alikaa ndani ya maji, akafumba macho. Dakika ishirini zilipokwisha shingo iligeuka nusu, kulia zaidi kuliko kushoto. Ayuma akamkanda kwa mafuta. Mulama alivaa shati, akaenda kazini akipiga mluzi.

Jumanne alirudi jioni jua likiwa bado juu. Safari hii mgongo pia ulikuwa umekaza, kuanzia chini ya fuvu mpaka kiunoni, kama kamba iliyovutwa. Ayuma alimpa chai wakati maji yakipoa. Aliona anavyoinywa: midomo imebana, kikombe kimeinamishwa sana, matone yakimdondokea kidevuni.

"Jino?"

"Si jino. Taya imechoka tu."

Ayuma aliweka vidole viwili kwenye shavu lake, pale chini ya sikio. Msuli ulikuwa mgumu kama mbao. Aliacha vidole vyake pale kwa muda. Mabega ya mbeba mawe huwa magumu, na mapaja pia, na mtu akishangaa anakuwa hajui kazi ya mawe. Lakini taya halibebi kitu. Akajaribu kujiambia kwamba wapo wanaosaga meno wakiinua mzigo. Akaongeza chumvi, vikombe viwili juu ya kipimo cha kawaida.

Kitu kingine kilimsumbua. Maji hayakuwa ya moto sana, lakini Mulama alitokwa na jasho, la kukimbilia machoni. Na jirani Ngigi, aliyechomelea mageti kwenye banda lililopakana na chumba hicho, alipowasha grainda yake ya kukatia vyuma, Mulama aliruka ndani ya maji, mabega yakapanda mpaka masikioni, yakakaa huko kwa muda kabla ya kushuka.

"Umeshtuka?"

"Mwili ndio umeshtuka," Mulama alisema. "Mimi sikushtuka."

Jibu lile lilimchoma Ayuma mahali fulani. Alipokuwa akimfuta mgongo alisema, "Kesho ukiamka hivi, nenda hospitali wakuangalie."

"Kesho tunamwaga slabu. Nikikosa, wanachukua mtu mwingine."

Angeweza kusisitiza. Angeweza kukataa kumpokea tena mpaka alete kijitabu cha hospitali, kama alivyokuwa amemfanyia bibi mmoja mwenye presha. Hakufanya hivyo. Alimwona akitoka amenyooka kidogo kuliko alivyoingia, na hilo likamridhisha, au alitaka limridhishe.

Jumatano saa nne asubuhi aliletwa na mkewe, Eve. Mwanamke mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, na Mulama alikuwa amemwegemea kwa uzito wake wote, miguu imekakamaa, akitembea kwa vidole kama anayeogopa kuamsha mtoto. Uso wake ulikuwa unacheka. Nyusi zimepanda, midomo imevutwa pembeni, meno yanaonekana. Hakuna aliyekuwa amesema la kuchekesha, na macho juu ya kicheko kile yalikuwa na hofu.

"Amekuwa hivi tangu alfajiri," Eve alisema. "Nikamuuliza unacheka nini, akashindwa kujibu. Mdomo haufunguki. Mama Celine, mweke kwa maji. Jana alitoka hapa akalala."

"Eve, huyu..."

"Tafadhali. Alilala."

Ayuma alimtazama Mulama, naye Mulama, kwa kichwa kisichoweza kutikisika, akamwomba kwa macho. Basi wakamvua shati, wakamshusha pipani wawili, polepole. Maji yalipomfika kifuani pumzi zake zilitulia. Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Eve akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

Upande wa pili wa mabati, Ngigi aliangusha geti.

Chuma kiligonga sakafu ya saruji kwa kishindo kimoja. Mgongo wa Mulama ukapinda kama upinde. Kifua na tumbo vilitoka nje ya maji, visigino vikasukuma upande mmoja wa pipa, na kichwa chake kikaenda chini upande wa pili, maji yakafunika uso ule unaocheka. Maji mengi yalimwagika sakafuni. Eve alipiga kelele, na kelele ile ikamkaza zaidi. Ayuma alitia mikono yote miwili chini ya shingo yake akavuta, mabega yake ya zamani yakilia, akavuta mpaka pua ikatoka juu ya maji. Ulikuwa mwili ambao hauinami popote. Walimtoa kama wanaotoa mlango majini.

Walimlaza kwenye mkeka. Ilipita dakika nzima kabla mgongo haujagusa chini. Na wakati wote ule Mulama alikuwa macho, akisikia kila kitu, akijua kila kitu, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni.

Hapo ndipo Ayuma alipoona unyayo wa mguu wake wa kulia. Katikati ya ngozi iliyolainishwa na maji kulikuwa na doa jeusi, dogo kama mbegu ya papai, limefungika kabisa.

"Hii ni nini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Msumari," Eve alisema. "Wiki iliyopita, kwa mjengo. Alimwagia kidonda petroli kikakauka. Hata hakuacha kazi siku hiyo."

Ayuma alikuwa na miaka tisa alipoona mwili umepinda hivyo. Ulikuwa wa mtoto mchanga wa jirani yao, kule kijijini, siku ya saba tangu azaliwe, na wanawake walimfukuza Ayuma mlangoni kabla hajaona mwisho. Jina la ugonjwa walilolitaja siku ile hakuwahi kulitumia maishani mwake.

"Pepopunda," alisema.

Alitoka nje mbio bila viatu, akaenda kwa Ngigi.

"Baba Shiru, zima mashine. Toa pikapu."

"Nini mbaya, mathee?"

"Zima kwanza. Usiangushe chochote. Nitakwambia njiani."

Walimweka nyuma ya pikapu juu ya godoro, wanawake wawili wakimshika, kitambaa kimefunika macho yake. Ayuma alikuwa amemkataza Ngigi kupiga honi, hata mbele ya ng'ombe. Lakini Barabara ya Kangundo haina huruma kwa mgonjwa wa aina hiyo. Kila tuta lilimkaza Mulama, kila lori lililowapita likipiga honi lilimpinda, na kila alipopindwa pumzi ilikatika, midomo ikageuka rangi, kisha ikarudi. Eve alihesabu kwa sauti ndogo kila pumzi ilipokatika. Mara moja alifika ishirini na sita.

Hospitalini walimchukua haraka, wakamweka katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi, mlango umebandikwa karatasi ya kuwaomba watu wasiongee. Ayuma alirudi kila siku. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, Eve akiwa kando ya kitanda, maana ndani aliruhusiwa mmoja tu. Siku ya tatu muuguzi mmoja, mama wa makamo, alitoka kuchukua chupa mpya ya dripu, na akirudi nayo akamkuta pale.

"Wewe ndiye uliyemleta?"

"Ndiyo, sista. Na mimi ndiye niliyekuwa namlaza kwa maji. Siku tatu." Ayuma alikuwa ameshikilia maneno hayo kifuani tangu Jumatano. "Maji ya moto, na chumvi ya Epsom."

Muuguzi aliitazama chupa aliyoishika. "Hii tunayompa kulegeza misuli ni chumvi hiyo hiyo," alisema. "Ila hii ni safi ya kupitisha kwenye mshipa, kwa kipimo cha daktari."

Ayuma alidhani amesikia vibaya. "Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Ndiyo maana usijilaumu kwamba ulimtilia sumu, mama. Hukumtilia." Kisha Ayuma akamwona anachagua maneno. "Lakini sindano ya kuzuia sumu ya ugonjwa ingefaa ipatikane mapema. Angefika Jumatatu..."

Alisukuma mlango kwa mgongo, taratibu, akaingia gizani na chupa yake.

Mulama alifariki siku ya kumi na moja, mchana, moyo uliposimama baada ya mwili kukaza kwa muda mrefu. Alizikwa kwao Butere. Ayuma alichanga, akasafiri, akapika na wanawake wengine, na hakuna hata mtu mmoja aliyemnyooshea kidole. Mama mzazi wa Mulama alimshika mikono yote miwili mbele za watu akamshukuru kwa kumpunguzia mwanawe maumivu. Ayuma alisimama pale akitamani ardhi ipasuke.

Aliporudi Njiru alifunga lango. Mapipa yakakaa makavu, buibui wakatanda kwenye mapazia. Wateja waligonga, wakaita, wakaondoka. Ngigi, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kushusha vyuma vyake juu ya matairi chakavu, alimwambia kupitia ukuta wa mabati, "Mathee, wewe siye uliyepigilia huo msumari." Ayuma alikuwa anafikiri kuhusu vidole vyake viwili kwenye taya lile Jumanne jioni. Vidole vilijua. Hakuna aliyejua kwamba vilijua isipokuwa yeye.

Mwezi wa pili tangu mazishi ulikuwa unakwisha lango lilipogongwa, na sauti ikasema, "Ni mimi, Eve."

Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa na ukoko mweupe wa saruji kwenye makunyanzi. Alikuwa amechukuliwa kazi pale pale kwenye mjengo aliokuwa akifanyia mumewe, kubeba maji na kokoto mpaka ghorofa ya nne.

"Mgongo, Mama Celine," alisema. "Na hapa." Akagusa chini ya shingo.

Ayuma alimvuta kwenye mwanga. "Fungua mdomo. Wazi kabisa." Eve alifungua. "Nionyeshe nyayo. Huu mwingine. Mikono." Alimgeuza kama anayekagua mtoto, akabonyeza mashavu yake, akampigia makofi karibu na sikio kuona kama mwili utaruka peke yake. Haukuruka. "Umedungwa sindano ya pepopunda?"

"Nilidungwa. Hospitali ile ile, nilipokuwa namngojea."

Ayuma akawasha moto. Alisugua pipa moja, akachota maji, akasubiri yapoe, akapima kwa kiwiko, akatoa mkono, akapima tena. Eve alipolala humo, Ayuma hakwenda kuchochea moto wala kupanga taulo kama zamani. Alivuta kigoda akaketi upande wa kichwa chake.

"Alikuwa anasema maji yako ndiyo yalikuwa yanamwacha alale," Eve alisema, macho yamefumba.

"Usiongee. Pumzika."

Punde pumzi za Eve zikawa nzito, kichwa kikaanza kuteleza kuelekea majini. Ayuma aliingiza kiganja chake chini ya kisogo akakishika. Dakika ishirini zilipita, maji yakaanza kupoa, bega lake likaanza kuwaka moto wa miaka ile ya kiwandani. Hakumwamsha. Alikaa vile vile, akitega sikio kila pumzi ilipotoka, akingoja ile inayofuata.