Jiwe la Mama Mlangoni pa Ghala

Mzee mmoja mlinzi, mwenye koti la mvua, alinifokea kwa sababu nilikuwa nimegusa jiwe. Tulikuwa wauguzi wa nchi mbalimbali, tuko Ulaya kwa mafunzo ya ukunga, na Jumapili hiyo wenyeji wetu walitupeleka kuona mawe marefu yaliyosimamishwa uwandani na watu wa kale, kabla huko kwao hakujajulikana kusoma wala kuandika. Moja lilikuwa na kishimo laini ubavuni. Nikavuka kamba, nikaweka kiganja.

"Mama, rudi nyuma ya kamba!"

Nikarudi. Nikamuuliza ni nani amezikwa pale. Akasema hakuna ajuaye, wala hawana hakika kama kuna mtu chini. Kisha akatuonyesha kwa fahari jinsi barabara ya lami inavyokata kona kubwa pale ng'ambo. Wahandisi waliambiwa wayapishe mawe, nao wakayapisha.

Wenzangu walidhani nasikia baridi, mmoja akanivika skafu yake. Baridi gani! Nilikuwa na hasira, tena si kwa yule mzee, maskini, aliyekuwa anaifanya kazi yake vizuri.

Kabla ya kusafiri nilikuwa nimepita shamba letu la zamani, upande wa Ihanda, kumuaga mama kaburini kwake. Alifariki kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Katika ukoo wetu mwanamke huwekewa juu ya kaburi jiwe lake la kusagia, lile kubwa la chini, na la mama lilikuwa limelika katikati kwa ulezi aliotulisha sisi wote. Nilikuta mahindi. Mahindi ya shamba la ujamaa, yamenipita kimo, kuanzia mtoni hadi ilipokuwa nyumba yetu. Kaka alinieleza huku anatazama pembeni: jiwe liliondolewa lisije likavunja jembe la trekta. Sasa liko kijijini, wamelifanya ngazi ya mlango wa ghala. Sikuwa na muda hata wa kugombana, maana jioni ile ile nilitakiwa kupanda basi Mlowo.

Niliporudi kutoka Ulaya sikuanza na salamu. Nilikwenda moja kwa moja ghalani. Watu walikuwa wanakwangulia matope ya viatu kwenye jiwe ambalo mama alikuwa hakubali hata kuku alikanyage.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja mbio.

"Dada, karibu nyumbani. Lakini hilo sasa ni mali ya kijiji. Kwani marehemu si mwenzetu?"

"Mama alikufa kijiji chako hakijazaliwa. Usimwandikishe leo."

"Ndugu, maendeleo yanataka watu wajitolee."

"Jitolee wewe. Kachukue la mama yako."

Kaka, aliyekuwa amenifuata ghalani, akaenda kuleta mtaimbo. Tuliling'oa, tukalipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mwenyekiti alibaki nyuma anafoka kwamba atanishtaki wilayani. Nikamwambia ashtaki, na jina langu aliandike vizuri.

Shambani mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa na trekta limekwisha pita tena. Ardhi ilikuwa tupu, sawa kama meza. Kaka akasema, "Ni hapa." Akasogea kidogo, akasema hapana, ni pale. Mimi nilikuwa nategemea mchongoma wa ua wetu, na mchongoma nao ulikuwa umeng'olewa. Tulibishana, tukapaziana sauti, kaka akaanza kulia. Mwishowe tulilishusha pale pale mkokoteni uliposimama, kwa sababu lilikuwa zito na giza lilikuwa linaingia.

Lipo hadi leo, na hasira yangu ipo. Yule mzee wa koti la mvua angekuja kuniuliza jiwe hili ni la nani, ningemtajia jina la mama, la baba yake, na la kila mtoto aliyemzaa. Angeniuliza kama kweli yuko hapo chini, ningemjibu vilevile alivyonijibu mimi: hakuna ajuaye.