Tulimpikia Mfadhili

Bwire, katibu wa kanisa letu, amenisumbua tangu Pasaka. Anataka niandike maisha yangu kwenye kijitabu kile kinachogawiwa siku ya mavuno. Nimemwambia, Bwire, wewe umesoma mpaka ukavaa kofia ile bapa, mimi niliachia darasa la tatu, sasa kalamu unanipa mimi ya nini. Akasema, "Mama Muhonja, watu wanataka wasikie kutoka mdomoni mwako." Mdomo wangu wanausikia kila siku, hasa wakinipigia kelele dirishani. Lakini nimeona nisipoandika mimi ataandika yeye, na yeye atanifanya mtakatifu. Ameniomba niweke maneno matamu. Hayo aende akayatafute kwingine.

Mimi ni Jecinta Muhonja. Nilizaliwa Maragoli, nikaolewa na mtu wa kiwanda cha mafuta ya kupikia, akanileta hapa mjini, mtaa wa Ziwani. Alipokufa nilimzika kwao, na watu wake wakadhani nitabaki kule nilime. Nilirudi. Nikauza mboga za mrenda na managu soko la Muthurwa, jua na mvua, nikasomesha watoto wangu kwa mboga mpaka wakaenda zao. Sikuwahi kuomba mtu. Bwire, hilo usilikate.

Jirani yangu ni Nthambi, msichana wa Ukambani, ananiita shosho, yaani bibi. Ni mama fua. Asubuhi anakwenda Donholm anakaa na wenzake nje ya geti za maghorofa, wanangoja mtu aite wa kumfulia. Ana mtoto mmoja, Nzisa, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Shingo ilikuwa inaanguka, na miguu inapishana kama mkasi. Hakuna mwenye nyumba anayeita mama fua aliyebeba mtoto wa namna hiyo. Kwa hivyo Nthambi alikuwa anamfungia ndani na kufuli. Mimi nikikaa kwangu nachambua mboga, namsikia analia mpaka sauti inakwisha.

Siku moja nilimngoja Nthambi mlangoni kwake.

"Wewe, unafungia mtoto kama mbuzi?"

"Nifanye nini, shosho? Nikimbeba sipati kazi. Nikikosa kazi hatuli."

"Kesho mlete kwangu."

"Atakusumbua."

"Nimezika mume, nimepigana na mabroka wa Muthurwa. Huyo mdogo ndiye atanisumbua?"

Akaja Nzisa. Akaja wa jirani yake, akaja na wa mama mmoja anayeuza maji, mpaka sebule yangu ikawa magodoro matupu. Kumbe kila mtaa una watoto kama hao, wamefungiwa, na sisi tunapita nje tukisalimiana. Rafiki yangu Lydiah, ambaye zamani alikuwa anashona sare za shule, akaja kunisaidia. Tukajiandikisha kwa chifu, tukaitwa Kikundi cha Kina Mama Simama.

Kulikuwa na misheni fulani ya ng'ambo, hiyo ilitupatia Mukami. Mukami ni fizio, mtu wa kunyoosha viungo. Alikuja kila Jumanne. Anatandika leso chini, anamlaza mtoto, anashika mguu, anausogeza polepole kama mtu anayefungua mlango uliovimba. Nzisa mwanzoni alikuwa anapiga mayowe, nami natoka nje nisione. Lakini shingo ilisimama. Halafu mgongo. Halafu Jumanne moja Mukami akamkalisha, akamwegemeza ukutani, akatoa mikono. Mtoto akabaki amekaa.

Tulimwacha hivyo hivyo mpaka mama yake arudi, na kila akiinama tunamrudisha. Nthambi alifika mlangoni, mikono imechubuka kwa sabuni, akaona. Hakuingia. Alisimama pale pale, akauliza, "Nani amemshika?" Lydiah akamwambia, "Hakuna. Ingia, unatuletea mbu."

Nikisikia watu wanasema ati kikundi chetu kilifanya nini, nawaambia tulifanya hilo.

Kisha misheni ikafunga kazi yake. Mukami alitukalisha chini akatuambia ukweli. Mshahara wake unakwisha, na yeye ana watoto na nyumba ya kulipa. Akasema miguu ya Nzisa ikikaa bila kunyooshwa itarudi ilikotoka, na kwa umri wake nyonga zikishikana, hata hospitali itakuwa vigumu kuzifungua. Nthambi aliuliza kama yeye mwenyewe anaweza kujifunza. Mukami akamwonyesha. Lakini mama anayefua tangu asubuhi akirudi hana vidole, na mtoto akimlilia anamwachilia. Mimi mikono yangu imejikunja kwa baridi yabisi, siwezi kushika hata mwiko vizuri.

Kwa hivyo tulitaka kitu kimoja tu: mtu wa hapa hapa atulipie Mukami.

Tulikwenda ofisi ya wadi. Huko tuliambiwa turudi, tukarudi, tukaambiwa mwenye kutusikiliza yuko semina. Tulifanya harambee kanisani, na watu wakatoa, sitasema hawakutoa. Walitoa magodoro na nguo, na mzee mmoja akatoa saa ya ukutani. Duka kubwa la kule barabarani lilituletea unga na mafuta, na bango la kupigia picha lililokuwa kubwa kuliko unga wenyewe. Tulishukuru. Lakini kila tukisema ni Mukami tunayemtaka, uso wa mtu unabadilika. Mmoja aliniambia wazi, "Mama, mshahara ni ngumu. Sema kitu tunachoweza kuona." Watu wanapenda kutoa kitu cha kuandika jina juu yake. Sasa jina utaliandika wapi kwenye mguu wa mtoto ulionyooka?

Ndipo Bwire akasikia habari za wakfu mmoja wa wafanyabiashara hapa mjini, unaosaidia vikundi vidogo. Alituandikia ombi, na hakuandika vibaya. Wakajibu kwamba watakuja kutuona Alhamisi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wananicheka.

Kwetu mgeni akija hakuti nyumba imelala. Kina mama wote wa kikundi walikubali, msiniachie mimi peke yangu. Tulipiga sakafu deki mpaka ikang'aa. Magodoro yenye mikojo tulihamishia kwa Lydiah. Tuliazima viti vya kanisa, na mimi nikatoa vitambaa vyangu vya kufuma, vile vyeupe, nikavitandika kila kiti. Tuliazima viti vya magurudumu kwa kikundi cha upande wa pili. Mtoto aliyekosa nguo nzuri aliazimiwa. Nzisa alisukwa nywele na shanga. Tukachinja kuku, tukapika chapati na mchele, na kuku mwingine mzima tukamfunga miguu, wa mgeni kwenda naye. Kwenye paa kuna kipande cha bati kinachovuja, hicho Lydiah alikifunika na leso iliyoandikwa maneno ya Mungu.

Walikuja wawili, bwana anayeitwa Gitonga na msichana wa kupiga picha. Gitonga alikuwa na adabu. Alitusalimia kila mmoja kwa mkono, akakaa juu ya kitambaa changu, akafungua simu yake ya kuandikia.

"Haya, kina mama, tuambieni changamoto zenu."

Nikamwambia, "Kaa kwanza, mwanangu. Changamoto haziendi mahali."

Akacheka. "Watoto wanapata chakula?"

"Wanapata."

"Na nyumba, haina shida?"

"Haina neno."

"Mazoezi wanafanyiwa na nani?"

"Na Mukami. Yule pale."

Mukami alinitazama kama mtu aliyemwagikiwa na chai. Nilimwona. Lakini huwezi kumlilia mgeni hata maji hajanywa. Mgeni anakula kwanza. Anashiba. Halafu unapomsindikiza, pale getini, ndipo unamshika mkono na kumweleza jambo lako, naye kwa sababu amekula kwako hawezi kukukatalia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo mume wangu alivyopata hii nyumba tunayokaa.

Chakula kilipakuliwa. Simu ya Gitonga ikalia, ni dereva. Walikuwa na kikundi kingine cha kuona kabla barabara haijajaa magari. Akasimama, akakata kipande cha chapati, akala akiwa anatembea. Msichana alipiga picha sahani.

"Mama, mmetupokea kama wafalme."

"Hamjakula."

"Tumekula na macho."

Nilikimbia nao mpaka getini, mimi na magoti yangu. Kuku tukamweka kwenye buti la gari. Nikashika mlango wa gari nikasema, "Sasa, mwanangu, jambo letu ni hili." Yeye amekwisha kukaa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama, hongera sana. Mnafanya kazi nzuri." Gari likaondoka. Nilibaki nimefungua mdomo mbele ya watu wa kibanda cha pale getini.

Jibu lilikuja kwa simu ya Bwire. Alilisoma kwa sauti ya mazishi. Walitupongeza. Walisema kikundi chetu kimesimama, kina vifaa, kinajitegemea, na kwamba mwaka huu wamechagua kikundi chenye uhitaji zaidi.

"Soma tena," nikamwambia.

"Ni hivyo hivyo, mama."

"Soma."

Akasoma tena.

Lydiah hakuniacha. Alinijia jikoni, mikono kiunoni.

"Muhonja, mgeni wa pesa hapikiwi. Huyo unamwonyesha pale panapovuja."

"Leso uliweka wewe."

"Niliweka kwa sababu ulinitazama."

"Basi ulitaka nimkalishe kwenye mikojo?"

"Ndiyo. Hao waliopata hizo pesa, mtoto wao alimkojolea huyo bwana kwenye kiatu, na hakuna aliyepangusa."

"Basi wamekula mkojo wao."

Hatukusemezana siku kadhaa, mimi na yeye, na tumejuana tangu nywele zetu ni nyeusi.

Nilikwenda mjini. Nthambi aliacha kazi siku hiyo akambeba Nzisa mgongoni, tukapanda lifti mpaka ofisi ya wakfu. Msichana wa mapokezi alisema tuache ujumbe. Nikamwambia ujumbe ni huyu, nikamwonyesha mtoto. Tukakaa. Mchana Gitonga akatoka, akatuona, akachuchumaa mbele yetu. Nzisa alikuwa amechoka, shingo imelala. Nikamweleza yote. Nilisema paa linavuja. Nilisema kuna siku tunapika uji mmoja na unaisha kabla ya saa sita. Nilisema Mukami anaondoka. Yote hayo niliyasema mimi, ambaye sijawahi kusema "sina" mbele ya mtu aliyevaa tai.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Siku ile ulikuwa mgeni wangu."

Aliinuka polepole. Kisha akasema kamati imekwisha kuamua, pesa zimekwisha kugawanywa, tuombe tena mwaka ujao. Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, ningemjibu. Kwenye lifti Nthambi alisema, "Mwaka ujao miguu itakuwa imekwisha, shosho." Nilimkazia leso ya mtoto mgongoni.

Mukami alipata kazi kliniki moja ya watu binafsi. Simlaumu. Alikuja mara chache kwa nauli yake, halafu watoto wake wakaugua, halafu hakuja. Lydiah amerudi, tunalisha na kusafisha, na magodoro yamerudi mahali pake. Kila jioni Nthambi anajaribu, Nzisa analia, mama naye analia, mwishowe wanalala. Mvua za juzi zilipoisha nilimkalisha Nzisa ukutani kama zamani. Alianguka kando. Nikamkalisha tena. Miguu imeanza kupishana, na akivalishwa suruali anauma midomo.

Watu wananiuliza kama ningejua, ningempokea yule bwana na sakafu chafu. Ningempikia tena. Wao ndio waliokuja nyumbani kwa mtu wasijue kukaa wakasikiliza. Lakini mtoto hakuwa na neno katika hayo yote, na ni yeye anayelipa.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usinipe pole, na usiniletee unga. Kama wewe ni fizio, au binti yako ni fizio, au unamjua mmoja anayekaa bila kazi na vyeti vyake, niletee huyo. Kama mna chama chenu cha kuchangiana vyombo, acheni sahani mwaka huu mumlipe mtu wa kunyoosha mtoto. Ziwani, uliza kwa Muhonja wa mboga, hata watoto watakuleta. Usipige simu kwanza, maana nikijua unakuja nitapika. Ukifika vua saa na pete, nawa, keti chini kwenye leso. Anza na mguu wa kushoto, huo ndio mbaya.