Mume Wangu na Dini ya Wangojaji

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge kule Kilosa, wenzake walitumia kiinua mgongo kununulia baiskeli, mashine za kusaga na marobota ya mitumba. Yeye alinunua taipureta. Aliibeba begani kutoka stesheni kama mtu aliyebeba mgonjwa, akaiweka juu ya meza niliyokuwa nakatia mboga, na kuanzia siku hiyo nikakatia mboga chini.

Tulihamia Mikumi kwa sababu mimi nilipata kibanda kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Nikafungua mgahawa, nikawa napika wali, maharage na kuku. Vyumba viwili vya nyuma tukaishi sisi. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, magazeti mapya, redio mpya, sabuni za kila rangi, na Morogoro mjini bwana mmoja alikuwa na mashine ndogo ya kuchapia kadi za harusi na vijitabu vya hadithi. Alimwambia mume wangu amletee hadithi ya mapenzi yenye mauaji kidogo. Mume wangu akampelekea nchi nzima.

Nchi hiyo aliiita Sirawe. Ilikuwa na milima ya chumvi, na mito yake ilipanda juu wakati wa masika badala ya kushuka. Mchapaji hakujali mito. Kilichomchosha, na kilichonichosha mimi kuliko yeye, ni dini. Watu wa Sirawe waliamini kwamba mungu wao, waliyemwita Mwenyeji, alitoka nyumbani asubuhi moja kwa shughuli fupi na hajarudi. Kazi ya binadamu, basi, ni kumngoja. Kila nyumba iweke kigoda ambacho hakikaliwi, sahani ya chakula kisicholiwa, na mlango uachwe wazi mpaka jua litue.

Angeishia hapo ningemwelewa. Lakini dini yenyewe ilikuwa na vyeo kushinda serikali. Chini walikuwapo Wafagia Njia, juu yao Washika Kigoda, kisha Wasikilizaji ambao kazi yao ni kusikiliza nyayo, na juu kabisa Mngojaji Mkuu, ambaye tangu atawazwe hajalala ubavu. Walikuwa na mahakama. Walikuwa na madhehebu mawili yaliyofarakana kwa swali la kama mlango ufunguke kwa ndani au kwa nje. Mfarakano huo ulimchukua mume wangu masika nzima. Paa likivuja juu ya gunia la maharage, yeye alikuwa akipiga herufi, anafuta, anapiga tena, anatafuta ni upande upi wenye haki.

Katika kijitabu cha kwanza kijana mmoja alimpenda binti wa Mshika Kigoda. Madereva waliipenda hadithi. Vijitabu vikafuatana, na wale wawili hawajaoana, kwa sababu mwandishi hajaamua kama bibi harusi anaruhusiwa kukaa ilhali kigoda cha Mwenyeji ki kitupu. Lawama zilinijia mimi, maana ndimi niliyekuwa nagawa wali. Dereva mmoja wa njia ya Tunduma alikuwa akiniuliza kabla hajanawa mikono.

"Mama, wameshaoana?"

"Bado."

Alitikisa kichwa kama aliyeambiwa mlima Kitonga umefungwa.

Ukafika wakati mume wangu akataka kujaribu ibada nyumbani, aone kama mtu anaweza kuishi nayo. Aliweka kigoda, akaacha mlango wa nyuma wazi, akaniomba sahani ya wali na paja la kuku. Nilimwambia hapa ni Mikumi, mlango wa nyuma hauachwi wazi. Hakusikia. Mchana aliingia nyani dume, akakalia kile kigoda, akala wali kwa utulivu kuliko wateja wangu wengi, akaondoka na paja na sahani. Nilidhani mambo yatakwisha. Jioni nilikuta mume wangu ameongeza cheo kipya, Walinzi wa Sahani, wenye fimbo na kiapo chao.

Nikamwita kaka yangu mkubwa, anayefundisha madrasa kule Kilosa, aje amwonye shemeji yake. Nilitumaini ukali. Alifika na kanzu yake nyeupe, akaomba asome kwanza, maana mtu hahukumu asichokijua. Alisoma vijitabu vyote akiwa amelala kwenye mkeka wangu. Kisha alianza kumhoji mume wangu kuhusu Wafagia Njia: wanakula nini, nani anawalisha, mjane akifagia naye ana fungu? Mume wangu alikuwa hajafikiria habari ya mjane. Walibishana hadi kaka yangu akakosa basi, akakosa na la kesho yake. Alipoondoka hatimaye, alinishika mkono kando akaniambia kwamba ni upuuzi mtupu, hauna madhara kwa mwenye akili, ila yale mambo ya mjane yarekebishwe.

Ilikuwa baada ya hapo alipokuja yule mama.

Alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, katika zile familia za wafugaji waliohamia na ng'ombe wao upande wa Ulaya, ile Ulaya yetu ya Kilosa. Alikuja na mkwewe, mwanamke kijana mwembamba aliyekuwa akinunua vijitabu kwenye gulio na kumsomea. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kila mmoja wetu peke yake, akakaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua maneno. Alieleza kwamba mwanawe, mume wa huyo binti, alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu na hajaonekana tena. Walimtafuta kwa barua, kwa redio, kwa watu. Ilikuwa miaka mingi sasa. Tangu asomewe habari za Sirawe, yeye alikuwa akiweka kigoda na sahani, na mlango wake haufungwi mchana wala usiku. Katekista wao alimwambia aache upuuzi.

"Nimekuja kuuliza neno moja," alimwambia mume wangu. "Mlango unangoja mpaka lini? Lini mtu anaruhusiwa kuufunga moja kwa moja?"

Mume wangu alimtazama.

"Mama," alisema, "hii dini nimeitunga mimi. Haipo."

"Najua umeitunga, mwanangu. Sikusema imeshuka mbinguni. Lakini kila jambo umeliwekea utaratibu, hili umelisahau." Alimwonyesha mkwewe kwa kidevu. "Huyu ni kijana. Anakaa kwangu kwa heshima, anazeeka. Nikisema mimi basi, nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mdomo wangu. Ikisema sheria, nitakuwa nimetii."

Mume wangu aliinuka akaenda kuchukua karatasi.

Nilimfuata nyuma na upawa mkononi. Nilimwambia kwamba yule mama haulizi habari za Sirawe, amwambie tu neno lolote, hata mwezi ujao, hata kesho, aende zake ametulia. Alinijibu bila hasira.

"Najua haulizi Sirawe. Ndiyo maana siwezi kumjibu ovyo."

Akarudi kumwomba yule mama ampe muda. Muda! Mtu amengoja miaka, sasa amngoje na mwandishi. Nilirudi jikoni nikiwa nimekasirika mpaka nikaunguza vitunguu. Yule mkwe alinifuata kunisaidia kupepeta mchele. Nilimuuliza yeye mwenyewe anataka nini, kwa kuwa sikusikia mtu amemuuliza. Alipepeta kwanza.

"Mimi sina haraka, dada," alisema. "Nataka tu mtu aseme."

Mume wangu aliacha kila kitu. Aliandika sheria ya kufunga mlango, akaichana, akaandika nyingine. Usiku alinigeukia kitandani kuniuliza kama mama mzazi anaweza kulazimishwa, nami nilimwambia nataka kulala. Mwishowe aliandika hivi: aliyezaa haufungi mlango, wala aliyeolewa humo haufungi. Huufunga jirani. Jirani akishaufunga, mama hana kosa, na mke wa nyumba hiyo anachukua mkeka wake na kuutandika anapotaka. Nilipomaliza kuisoma nilirudia mstari wa mwisho. Sikumwambia kuwa ni nzuri, angeongeza kurasa.

Mchapaji aliikataa. Alisema kijitabu kizima hakuna damu wala busu, kuna mlango. Mume wangu, ili ile sheria ichapwe, alikubali kuwaoza wale wawili, na aliwaoza kwa aya moja, njiani, mvua ikinyesha. Dereva wa Tunduma alisoma pale pale mezani, akafunga kijitabu, akasema harusi ya kungojwa hivi haifanywi hivi. Alikuwa na haki. Hakuniuliza tena kitu isipokuwa pilipili.

Baada ya muda mkwe alikuja peke yake. Majirani zao walikuwa wa kanisa moja nao, waliogopa katekista, hakuna aliyekubali kuufunga. Mama mkwe wake alikuwa amesema basi aje yule dada mpika wali, maana aliyepepeta mchele na mkwe wake ni jirani.

Nikafunga mgahawa siku nzima. Tulikwenda mimi na mume wangu kwa gari mpaka lilipoishia, kisha kwa miguu, yeye akinieleza njia nzima jinsi Msikilizaji anavyopaswa kusimama. Tulimkuta mama ameketi ndani, kitenge kichwani, kigoda mbele yake. Mkwe alisimama uani. Mume wangu alitaka tungoje jua litue. Nilimwambia gari la kurudi haliwasubiri wa Sirawe, nikashika mlango.

Haukufungika. Ulikuwa wa bati, umeachwa wazi muda wote huo, bawaba ya chini imeng'oka na udongo umejaa kizingitini. Nilisukuma, ukakwama nusu. Ilibidi nipige magoti, nichimbe udongo kwa vidole, niuinue kwa bega, huku mume wangu akiniuliza kama anaruhusiwa kusaidia. Nilimwambia ashike. Tukauinua wote wawili na ukaingia mahali pake. Ndani giza likawa, na yule mama akaanza kulia kwa lugha yake, taratibu, kwa muda mrefu. Nje mkwe alikuwa amekaa chini. Nilikwenda nikakaa naye, mikono yangu michafu.

Yule binti alirudi kwa wazazi wake baada ya mavuno. Nilisikia aliolewa tena, na kwamba mama mkwe wake alimpa ndama wa kwenda naye. Mwana hakurudi, kwa kadiri nilivyosikia. Mchapaji alihamia kwenye kalenda, ambazo hazina mwandishi.

Nami nilidhani nimemaliza. Kumbe habari zilitembea. Alianza kuja huyu na yule pale mgahawani, anakula kwanza, kisha ananiomba pembeni. Mama mmoja aliyefiwa zamani alitaka niende kwake kumfungia mlango. Huyo nilikwenda. Akaja pia mwanamume kutoka Mvumi, mke wake amekimbilia Dar es Salaam, anataka nikamfungie mlango ili aoe mwingine bila kusemwa. Nilimwambia mke wake yu hai, ana miguu na ana sababu, na kama amemaliza kula apishe wenzake meza. Alilalamika kwa mume wangu. Mume wangu alimsikiliza kwa makini, akasema ni swali zito, akaingia ndani, nikasikia taipureta inaanza.